Mume wangu asema miaka 80 ni mingi, tutakuwa tumeshakufa

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa Majengo, Mombasa, ila huu ni mwaka wa ishirini na mbili niko London. Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu za usiku. Mwaka 2012 mimi na mume wangu tulinunua fleti ya vyumba viwili mashariki mwa jiji, ghorofa ya tatu, jengo la 2007. Hati ina majina yetu sote wawili. Mume wangu mwaka wa tatu huu yuko Muscat kikazi, huja likizo mara mbili kwa mwaka.

Siku tuliponunua, wakili alitwambia fleti ni ya lisi, yaani umiliki wa muda: miaka 99 kuanzia tarehe 24 Juni 2007. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni na nilichotaka ni funguo. Tangu hapo kila mwaka naipelekea kampuni yenye jengo kodi ya ardhi, pauni 150. Mkataba unasema kodi hiyo inakuwa maradufu kila baada ya miaka 33.

Wiki iliyopita kampuni hiyo imetuandikia barua. Wako tayari kutuongezea lisi hadi ifike miaka 125 kwa pauni 8,000. Kodi ya ardhi itabaki kama ilivyo kwa ile miaka ya mkataba wa zamani. Gharama za wakili wao ni juu yetu, na tumepewa siku 28 za kujibu.

Nilimpigia mume wangu akacheka. "Imebaki miaka themanini! Sisi tutakuwa tumeshakufa, na watoto wetu wanatembelea bakora. Waachie watakaokuwepo." Shemeji yangu, mdogo wake, naye ana fleti kusini mwa mto na yake imebaki miaka 68. Asema tusiguse chochote, kwani serikali imeshapitisha sheria mpya mwaka 2024, watu watapewa miaka 990 kwa bei ya kutupa, ni kusubiri tu. Halafu kuna mwenzangu kazini, mama wa Kinigeria. Nilipomweleza alishika kichwa: "Usiache ikapita themanini. Usiache!" Hakunieleza kwa nini, zamu ilikuwa inaanza na kengele za wagonjwa zinalia.

Fleti kama yetu humu jengoni huuzwa kama pauni 300,000. Akiba tuliyonayo ni elfu kumi na mbili hivi, na tulikuwa tukiiweka kwa nia ya hija. Tuitoe? Tukubali hizo elfu nane? Au tungoje kama anavyosema shemeji?

Mama wa Ghorofa ya Tatu

*

Marahaba, mpwa wangu.

Mwenzako wa Kinigeria amekupa kwa sentensi moja neno ambalo wathamini hulitoza ada. Nitakueleza alichokuwa nacho moyoni, lakini tuanze na mumeo.

Wewe umekulia Majengo, kwa hiyo unaijua nyumba bila ardhi. Ukuta wako, paa lako, kiwanja cha mwenyewe, na kodi ya kiwanja unampelekea. Lisi ya Uingereza ni ndugu yake, ila hii imefungwa saa. Kila asubuhi ukiamka umepoteza siku moja, na mwezi Juni 2106 umiliki unamrudia mwenye jengo, hata kama umetia marumaru hadi darini. Mumeo amepiga hesabu ya umri wenu na hajakosea. Lakini lisi haipimwi kwa umri wa mwenye fleti. Anayeipima ni benki ya yule atakayetaka kuinunua. Benki inataka, mnunuzi akimaliza kulipa mkopo wa miaka thelathini, fleti bado iwe na uhai wa kutosha kuuzika. Lisi ikishuka kwenye sitini na kitu, mabenki mengi hukunja uso, na asiye na mkopo anayekuja na pesa taslimu atakupa bei ya mtu anayejua huna mteja mwingine. Kwa hiyo mnaowazungumzia si wajukuu wa wajukuu. Ni ninyi wenyewe, siku mtakapotaka kuuza mrudi Mombasa.

Sasa themanini.

Tangu sheria ya 1993, mwenye fleti ya lisi ndefu Uingereza na Wales ana haki ya kumlazimisha mwenye jengo amuongezee miaka 90 juu ya iliyobaki, na kodi ya ardhi ifutwe kabisa. Kumlazimisha, nimesema. Hapa huombi hisani. Zamani ilibidi uwe umemiliki fleti kwa miaka miwili kwanza; sharti hilo limeondolewa tarehe 31 Januari 2025, na wewe hata hivyo ulikuwa umeshalipita zamani. Kitakachokuwa na ubishi ni bei tu, na bei ina vipande vitatu.

Kipande cha kwanza ni fidia ya kodi ya ardhi ambayo mwenye jengo hataipokea tena. Cha pili ni fidia ya kungoja: angepata fleti 2106, sasa ataipata miaka 90 baadaye. Fleti ya pauni 300,000 utakayoipata baada ya miaka themanini, leo ina thamani ndogo mno. Wathamini huipunguza kwa asilimia 5 kila mwaka, kiwango kilichotokana na kesi ya Sportelli ya 2006, na kwa miaka yako inashuka hadi kama pauni 5,900. Kodi yako ya ardhi, nikiihesabu kwa asilimia 6 pamoja na yale maradufu yake, inafika kama 3,800. Jumla tuseme 9,700. Mthamini wako anaweza kunipunguzia au kuniongezea mia kadhaa, mimi napiga hesabu nyuma ya bahasha.

Kipande cha tatu ndicho kilichomfanya yule mama ashike kichwa. Kwa Kiingereza wanakiita kwa jina la ajabu, thamani ya ndoa. Maana yake ni hii: lisi fupi ikiunganishwa na haki ya mwenye jengo, fleti inapanda bei kuliko vipande viwili vikiwa mbalimbali. Faida hiyo ya kuunganishwa hugawanywa nusu kwa nusu na mwenye jengo. Sheria inasema, lisi ikiwa imebaki zaidi ya miaka 80, faida hiyo huhesabiwa kuwa sifuri. Ikifika 80 kamili au chini yake, mnagawana. Ndoa yenyewe bibi harusi hakuulizwa, na mahari analipa yeye.

Chukua fleti yako hiyohiyo miezi sita baada ya kuvuka mstari. Tuseme mthamini akikadiria kwamba ilivyo ingeuzwa 276,000, na ikiongezwa lisi ni 300,000. Tofauti ni 24,000. Ukitoa kama 10,000 ambazo tayari ni za mwenye jengo, zinabaki 14,000, nusu yake 7,000. Bei iliyokuwa 9,700 imekuwa kama 17,000. Jengo halijaongezwa tofali wala lifti haijatengenezwa.

Lisi yako ilianza 24 Juni 2007. Leo tuko Novemba 2025, kwa hiyo imebaki miaka 80 na miezi saba. Mstari wako ni Juni 2026.

Naujua mstari huo kwa sababu niliuvuka mwenyewe. Nilikuwa na fleti iliyobaki miaka 80 na miezi minne, na wakala wa mwenye jengo alikuwa muungwana kweli kweli. Kila nilipoandika alijibu: tumepokea, tunaandaa makadirio, tutawasiliana. Nikasema mtu mstaarabu kama huyu nitamshtakia nini. Makadirio yalifika wiki tatu baada ya themanini kupita. Nililipa karibu elfu sita zaidi, na hakuna sheria aliyoivunja. Mazungumzo ya hiari hayasimamishi saa. Kinachosimamisha ni kitu kimoja tu: notisi rasmi ya kifungu cha 42 cha ile sheria ya 1993. Bei huhesabiwa kwa tarehe notisi ilipotolewa, hata kama mtabishana mwaka mzima baadaye.

Turudi kwenye barua yenu. Pauni 8,000 inaonekana ndogo kuliko 9,700, na ndiyo maana wameiandika hivyo. Lakini angalia unachopewa: wao wanaongeza miaka 45, sheria inakupa 90. Tena wanabaki na kodi ya ardhi. Ukijumlisha kodi hiyo kuanzia sasa hadi 2106, pamoja na kuruka kwake hadi 300 mwaka 2040 na 600 mwaka 2073, ni karibu pauni 32,000 zitakazolipwa na wewe au atakayekuja baada yako. Kwa ile miaka 45 ya nyongeza hawawezi kukutoza, sheria ya 2022 inawakataza, na usidhani ni ukarimu. Unaponunua kwa njia ya notisi, kodi inakufa siku hiyohiyo. Wanasheria wa Kiingereza huandika kwamba kodi mpya itakuwa punje moja ya pilipili manga, ikidaiwa. Sijasikia mwenye jengo aliyekuja kuidai, lakini kwenye hati za London pilipili yetu bado inahesabiwa.

Kwa maoni yangu elfu nane hiyo ni ghali. Siku 28 nazo ni zao, hazimo kwenye sheria yoyote. Zikipita hupotezi haki hata moja. Tarehe yako ni ile ya Juni.

Shemeji naye ana hoja, na sipendi kumdharau. Sheria ya 2024 ipo kweli, ilitiwa saini tarehe 24 Mei mwaka huo. Inaahidi miaka 990, inafuta thamani ya ndoa, na inataka kila upande kwa kawaida ubebe gharama zake. Wenye majengo walikwenda Mahakama Kuu kuipinga wakidai inanyang'anya mali zao, wakashindwa mwezi Oktoba mwaka huu. Lakini kupitishwa ni jambo moja na kuanza kutumika ni jingine. Vifungu hivyo vya bei bado havijawashwa, na viwango vya asilimia vitakavyotumika kukokotoa bei, ambavyo waziri ndiye atakayeviweka, havijatangazwa.

Sasa angalia nani anangoja nini. Shemeji yako amebakiwa na miaka 68. Ndoa imeshamkaba shingoni, na kwa fleti ya bei kama yako inaweza kuwa ndiyo sehemu kubwa ya bei yake yote. Sheria ikiwashwa, itamuokolea maelfu mengi. Kama hauzi na halazimiki kukopa upya, kungoja kwake ni kamari yenye akili. Wewe hiyo ndoa hauna, almuradi usivuke Juni. Ukingoja, unachotarajia kukiongeza ni miaka 990 badala ya 170, na kuepuka ada za wakili wa upande wa pili. Unachoweka rehani ni ile elfu saba, iwapo serikali itachelewa. Na serikali kuchelewa si jambo la kubashiri, mpwa wangu, tunahesabu mwezi wa kumi na nane sasa. Yeye anangoja kwenye kivuli, wewe unaambiwa ungoje juani.

Kwa hiyo jibu langu: toa notisi, na uitoe mapema, si Juni. Mimi ningelenga isipite Machi, kwa sababu notisi yenye kasoro hubatilika, na ukigundua kasoro Mei unakuwa huna muda wa kupumua.

Tafuta kwanza mthamini na wakili wanaofanya kazi hii ya lisi hasa. Wakili aliyewanunulia fleti huenda ni mtu mzuri lakini kama anafanya talaka asubuhi na viza mchana, mpite. Mthamini ndiye atakayekwambia bei ya kuandika kwenye notisi. Utaandika chini kidogo ya makadirio ili pawe na pa kupandia, ila isiwe bei ya mzaha, maana notisi yenye bei isiyo ya kweli inaweza kupingwa. Chukua pia nakala ya usajili wa jengo kutoka ofisi ya usajili wa ardhi, kwa pauni chache tu mtandaoni, uone ni nani hasa mwenye ardhi. Kampuni inayokuandikia barua za usafi wa ngazi mara nyingi si yeye, na pengine katikati yupo mwenye lisi mwingine mkubwa. Notisi iliyopelekwa kwa mtu asiye wake ni karatasi.

Mumeo ni mmiliki mwenzako, kwa hiyo notisi lazima iwe ya nyote wawili. Zamani ilibidi kila mmoja atie sahihi kwa mkono wake, na watu walikuwa wakipeleka karatasi Dubai na Muscat kwa wasafiri wa likizo. Tangu 2014 mwakilishi anaweza kumtilia sahihi. Wakili atataka idhini yake ya maandishi na atahakiki kitambulisho chake, basi mwambie aache kucheka, atafute pasi yake.

Notisi ikishafika, mwenye jengo hupewa tarehe ya kujibu isiyopungua miezi miwili mbele. Anaweza kukuitisha amana, asilimia 10 ya bei uliyoandika au pauni 250, iliyo kubwa. Nyinyi itakuwa chini ya elfu moja. Akikaa kimya hadi tarehe ipite, mna haki ya kwenda mahakamani kupata lisi kwa bei yenu wenyewe. Hutokea mara chache, na wanaobahatika husimulia hadi uzeeni. Kwa kawaida atajibu kwamba haki yenu anaikubali, bei anaikataa. Hapo wathamini wawili wanaanza kuvutana kwenye simu, na mara nyingi wanafikiana.

Sasa soma hapa mara mbili. Wasipofikiana, kuna baraza linaloamua bei. Maombi yanapelekwa huko si kabla ya miezi miwili tangu jibu la mwenye jengo, wala si baada ya miezi sita. Miezi sita ikipita bila maombi na bila makubaliano, notisi yenu inahesabiwa imeondolewa, na hamruhusiwi kutoa nyingine kwa miezi 12. Mtakaporudi mtakuwa mmeshavuka 80. Kuna wenye majengo ambao upole wao huzidi hasa ukiingia mwezi wa tano wa ile sita. Mwambie wakili wako akuandikie tarehe hiyo, uibandike kwenye friji, na mwezi mmoja kabla umpigie wewe. Maombi yakishawasilishwa mazungumzo yanaendelea vilevile, na kesi nyingi huishia nje ya baraza.

Gharama: bei yenyewe, wakili wako, mthamini wako, na kwa sheria inayotumika leo, gharama zinazofaa za wakili na mthamini wa mwenye jengo. "Zinazofaa" si neno la mapambo. Wakikuletea bili ya kutisha, baraza hilohilo linaweza kuipunguza. Elfu kumi na mbili yenu huenda isitoshe kwa yote, hilo nakwambia mapema. Lakini haitakiwi yote siku ya kwanza. Mwanzoni ni ada za watu wenu na ile amana, na bei kubwa hulipwa siku ya kukamilisha, ambayo yaweza kuwa karibu mwaka kutoka sasa. Mumeo ana mishahara kadhaa hapo katikati. Ya hija zungumzeni naye na mumuulize sheikh wenu. Mimi fani yangu ni lisi.

Na kama jambo lolote likigeuka, mkaamua kuuza kabla ya kumaliza, notisi mliyotoa inaweza kuhamishwa kwa mnunuzi pamoja na fleti, mradi wakili aiandike kwenye mkataba wa mauzo siku hiyohiyo. Kabla hujamlipa mtu yeyote, piga simu kwa huduma ya ushauri wa lisi ya serikali, iitwayo LEASE. Ushauri wao wa mwanzo ni bure.

Ile barua usiijibu kwa simu. Waandikie mistari miwili: mmeipokea, mnatafuta ushauri. Basi. Usitaje tarehe ya Juni wala neno themanini, wanalijua kuliko wewe. Halafu mtafute yule mama wa Kinigeria zamu ikiisha, umuulize wakili wake ni nani.